Kompyuta ndogo ikigoma kuwaka, usikimbilie kufuta kadi

Wiki hii tuache kidogo viwavijeshi na mbolea. Nataka nikusimulie kosa nililolifanya mwenyewe hapa Itetemia, ili lisikukute.

Unazijua zile kompyuta ndogo za bodi moja, ukubwa wake kama kitambulisho, kama Raspberry Pi? Zinakula umeme kidogo, kwa hiyo zinafaa penye sola. Kikundi kimoja cha wafugaji nyuki kiliweka moja, Raspberry Pi 3, dukani kwa mwanachama wao. Humo zilikaa hesabu za msimu mzima: nani kaleta ndoo ngapi za asali, kilo ngapi, kalipwa nini na anadai nini.

Asubuhi moja mama katibu akanipigia. "Bwana shamba, kompyuta haiwaki, na Jumamosi tunalipana."

Nikafika na pikipiki. Taa nyekundu inawaka na kuzimika, ya kijani inapepesa kidogo kisha kimya, skrini nyeusi. Sikuuliza kitu. Nikachomoa kadi ya kumbukumbu, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya Windows. Ikaniambia diski hii lazima ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Nikajisemea, basi, kadi imeharibika. Nikakubali, nikaandika mfumo mpya juu yake, nikairudisha. Taa nyekundu ikaendelea vile vile, inawaka na kuzimika.

Hapo jasho likaanza kunitoka. Ndipo kijana wa dukani akasema kwa upole, "Shikamoo, bwana shamba. Ile chaja yake iliungua juzi, tukaweka hii ya simu."

Tukaazima chaja nzuri kwa jirani. Kompyuta ikawaka mara moja, safi kabisa, bila hesabu hata moja.

Kadi ilikuwa nzima tangu mwanzo, ndugu yangu. Kadi ya bodi hizi ina sehemu mbili. Ile ndogo Windows inaisoma, lakini ile kubwa yenye mfumo wa Linux na mafaili yako haiwezi kuisoma, ndiyo maana inakuomba uifomati. Itakuomba hivyo hata kwa kadi isiyo na tatizo lolote. Ukiulizwa, kataa. Na kama umeshakubali kwa bahati mbaya, usiandike kitu kingine juu yake, maana mafundi wanaweza kuokoa baadhi ya mafaili. Mimi niliandika, nikaziba na mlango huo.

Kwa hiyo anza na umeme. Raspberry Pi 3 inataka volti 5 na ampea 2.5, na Raspberry Pi 4 inataka ampea 3. Baadhi ya chaja za simu hutoa ampea 1 tu. Kwenye Pi 3, umeme ukishuka chini ya volti 4.63 hivi, taa nyekundu huzimika. Ndicho nilichokuwa nakitazama bila kukielewa. Badilisha waya pia: ule mrefu na mwembamba hupoteza umeme njiani, hata chaja ikiwa nzuri. Chomoa flashi na kila kilichoning'inia, ubaki na skrini tu.

Umeme ukiwa sawa, tazama taa ya kijani. Ikipepesa ovyo ovyo, kadi inasomwa, pengine shida ni waya wa skrini. Kwenye Pi 4, tumia tundu la skrini lililo jirani na la umeme. Ikipepesa mara nne, ikatulia, ikarudia, faili la kuwashia halionekani. Ikiwa mara saba, kiini cha mfumo ndicho kimekosekana. Isipowaka kabisa, toa kadi, ipanguse, irudishe, kisha jaribu kadi nyingine yenye mfumo. Ile ya zamani iweke pembeni, usiiguse. Kadi mpya ni bei ndogo kuliko ugomvi wa kikundi.

Na ugomvi ulikuwepo. Tulikaa siku mbili chini ya mwembe tukiunganisha hesabu kutoka kwenye stakabadhi. Mzee mmoja hakuwa na karatasi hata moja, ila alikuwa amechora mistari ya mkaa ukutani kwake, mstari mmoja kwa kila ndoo. Tulikwenda tukaihesabu, majirani wakathibitisha. Ndoo mbili zinadaiwa na watu wawili mpaka leo, na fedha yake iko kwa mweka hazina.

Siku hizi kila Ijumaa mama katibu ananakili hesabu kwenye flashi, anaandika jumla kwenye daftari, na anaizima kompyuta kwa amri yake kabla ya kuchomoa waya, kwani kukata umeme ghafla huharibu kadi kweli kweli.

Mwenye bodi isiyowaka aniletee siku ya mnada, pamoja na chaja yake na waya wake.