Kioo Kilichotetemeka Njiani Kwenda Bomet
Tulipofika njiapanda ya Londiani, ambapo tarehe 30 Juni 2023 lori liliua watu zaidi ya 50, sote tulinyamaza garini. Baada ya Kericho, mashamba ya chai yalitanda kijani hata upeo wa macho. Hapo kioo cha pembeni kikaanza kutetemeka: lori la majani mabichi nyuma yetu likaonekana kama mawili, wala hatukujua li karibu au mbali. Tukasimama Litein. Fundi alikaza skrubu zilizolegea, akapachika kipande cha mpira wa tyubu nyuma ya kioo, kikatulia. Tulipoondoka Mombasa tulisoma dua ya safari, lakini gari hatukulikagua. Tawakali haimwondolei msafiri wajibu wa kukaza skrubu.