Kihenge cha Yusufu

Vitabu vitano vya Musa, yaani Torati, vyaonyesha jinsi watoto wadogo wapasavyo kufundishwa. Waisraeli walipotolewa utumwani Misri, waliamriwa kula kila mwaka mkate usiotiwa chachu pamoja na mboga zenye uchungu. Chakula kile kilikuwa somo. Mtoto akionja uchungu ataona ajabu, naye atauliza maana yake. Ndipo baba amsimulie habari za Misri. Wayahudi wanaishika desturi hiyo hata leo, na pamoja nao Abayudaya wa Mbale katika Uganda, walioanza kuifuata Torati mwaka 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu. Utaratibu wake ni huu: kwanza tendo, kisha swali la mtoto, kisha hadithi.

Hadithi nyingine za Torati zaweza kufundishwa vivyo hivyo, wala hapana haja ya vyombo vya fedha nyingi. Chukueni habari za Yusufu. Pale Ibadakuli, karibu na mji wa Shinyanga, kama katika nchi yote ya Wasukuma, mvua hukosekana mara kwa mara. Kwa hiyo watu wamezoea kuweka nafaka katika vihenge, na kukausha viazi vitamu kuwa michembe. Mtoto wa huko haoni taabu kufahamu miaka 7 ya shibe na miaka 7 ya njaa.

Mwalimu na asuke kihenge kidogo cha majani makavu, au atwae kopo tupu. Watoto nao wafinyange ng'ombe kwa udongo mweusi wa mbugani, kama wachungaji wadogo wafanyavyo. Kila mtoto achore shamba lake mchangani kwa kijiti, na kuokota vijiwe viwe fedha yake. Kisha apewe karanga 5 kila siku kwa siku 7, kila siku ikihesabiwa kuwa mwaka mmoja. Nne ni zake, azile. Ya tano aitie kihengeni, kwa maana Yusufu alikusanya sehemu ya tano ya mazao ya nchi. Siku ya saba watoto wahesabu, nao wataona kwamba kila mmoja ameweka karanga 7.

Siku ya nane hapana karanga za kugawiwa. Atakaye kula sharti anunue kihengeni. Kwanza hutoa vijiwe vyake, hata vikaisha. Kisha hutoa ng'ombe wake; na hapo kicheko hupungua, kwa maana mtoto humpenda ng'ombe aliyemfinyanga kwa mikono yake mwenyewe na kumpa jina. Mwisho hulifuta shamba lake mchangani. Ndivyo ilivyoandikwa katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 47: Wamisri walitoa fedha, kisha wanyama, kisha mashamba yao pamoja na nafsi zao, wakawa watumwa wa Farao. Wala jambo hili si geni Usukumani, ambako mwaka wa ukame mtu huuza ng'ombe kwa bei ndogo ili anunue nafaka.

Ndipo swali litokeapo. Mtoto atasema, "Mwalimu, karanga zile tulizitia sisi wenyewe. Mbona twauziwa?"

Swali hili ni zito. Mwalimu mvivu atamnyamazisha. Lakini mtoto huyo hakukosa; ameifahamu hadithi kuliko yule aliyeikariri tu. Mwalimu mwema na amwambie kweli, ya kuwa mambo yote mawili yameandikwa: Wamisri walimshukuru Yusufu kwa kuwaponya na mauti, na tena walipoteza nchi yao. Kisha aendelee mbele. Baadaye aliinuka Farao mwingine, na Waisraeli wenyewe wakafanywa watumwa katika nchi ile ile. Walipotoka huko wakapewa sheria. Pembe za shamba zisivunwe, bali ziachwe kwa maskini na mgeni. Shamba lililouzwa kwa ajili ya umaskini lirudi kwa mwenyewe mwaka wa 50. Nao wakaagizwa wasisahau kamwe ya kuwa wao pia walikuwa watumwa.

Baada ya hayo watoto wachore mashamba yao mara ya pili, na kila mmoja aweke karanga moja pembeni kwa ajili ya mwenzake aliyekosa. Mkono wa mtoto ukisha kufanya hivyo, moyo wake hausahau upesi.

Ninyi mlio wakubwa mna wadogo zenu nyumbani. Jioni, kazi zikiisha, wafundisheni kwa njia hii. Wakiuliza neno msiloweza kulijibu, msiwakemee, bali lichukueni swali hilo kwa mwalimu au kwa mzee. Wahenga walisema, Akiba haiozi. Torati nayo yafundisha kwamba mwenye akiba asimsahau jirani ambaye kihenge chake ni kitupu.