Buluu ya Kilimia

Ami yangu alilima mpunga Pemba kwa kukitazama Kilimia. Sasa macho yake hayakipati tena mbinguni, naye alinitaka nimletee kwenye karatasi. Basi usiku mmoja wa Januari, kaskazi ikivuma, nikatega kamera yangu kuukuu uwanjani.

Picha ilipotoka, kila nyota angavu ilikuwa na pete ya zambarau. Nilijua asili yake. Lenzi huupinda urujuani zaidi kuliko wekundu, hata rangi za nyota moja zisikutane mahali pamoja. Isaac Newton aliamini kwamba ila hiyo haina dawa, ndipo mwaka 1668 akaunda darubini ya kioo cha kuakisi. Mwaka 1758 John Dollond alipata hataza ya lenzi ya vioo vya aina mbili, kimoja kikirekebisha kosa la mwenzake. Ila ikapungua, haikwisha.

Nikafungua programu, nikafifisha zambarau na jamaa zake katika picha nzima. Nyota zikawa nyeupe pe. Nikaichapa, nikampelekea. Ami akaiinamia kwa muda.

“Mwanangu, hiki si Kilimia. Kilimia kina ukungu.”

Nilipoirudia picha ya awali nikaona haya. Nyota zile zimo ndani ya vumbi la anga, nalo huakisi mwanga wao kwa buluu ya kweli. Nilikuwa nimeifuta buluu hiyo pamoja na kosa la lenzi. Ndivyo afanyavyo mhariri wa tenzi za kale asiye na subira: husahihisha makosa ya mnakili, akafuta na lahaja ya mtunzi.

Nikaanza upya kwa kutazama. Pete ya lenzi huizunguka kila nyota angavu, hata iliyo mbali na vumbi. Vumbi halifuati duara. Hutanda kwa michirizi, hasa karibu na nyota iitwayo Merope. Nikaweka mpaka kuizunguka kila nyota, nikafifisha ndani ya mpaka tu, kidogo kidogo. Pale nilipokuwa na shaka, niliiacha zambarau.

Ami alipoipokea picha ya pili hakunisifu. Aliisogeza karibu na taa, akakaa kimya, kisha akauliza kama mbegu ya mpunga imeshatolewa ghalani.