Lupasi Maabarani: Yaliyobadilika

Nilipoingia kazi ya maabara katika hospitali moja ya pwani, lupasi, maradhi ambayo ndani yake kinga huugeukia mwili ule ule iliopewa kuulinda, ilikuwa bado ikitafutwa kwa macho, kwa njia iliyotokana na ugunduzi wa tabibu Malcolm Hargraves na wenziwe wa Mayo Clinic, huko Marekani, mwaka 1948. Damu ya mgonjwa, ikishaganda, ilipondwa na kuchujwa kwa chujio la waya, ikawekwa katika joto la nyuzi 37, ikazungushwa kwa mashine, kisha lile tabaka jembamba jeupe lililojitenga likapakwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Hapo ndipo nilipoinamia hadubini, nikiitafuta chembe nyeupe moja iliyomeza donge la zambarau, laini pande zote, ambalo ni kiini cha seli nyingine kilichokwisha kuvamiwa na kingamwili. Na kila nilipoiona nilihuzunika, kwani aghalabu mwenye damu ile alikuwa mwanamke kijana.

Baadaye zikaja kingamwili zilizotiwa rangi ing'aayo, na viini vikawaka kijani gizani. Kipimo kile kilikuwa chepesi na chenye kunasa mengi, hata kikawaka kwa baadhi ya watu wenye siha njema.

Lakini lililonibadili fikira hasa ni komplementi, zile protini za damu ambazo Jules Bordet, Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi Paris katika miaka ya 1890, alibainisha kwamba huzisaidia kingamwili kuua vijidudu, na kwamba huharibiwa na joto la nyuzi 56. Kwa sababu ya udhaifu wake huo hatukuthubutu kuiacha seramu mezani adhuhuri. Ilitengwa upesi na kutiwa baridini.

Hapo nilikuwa nikiamini kwamba komplementi ni silaha tu: kingamwili hushikamana na DNA, mashikamano yale hunasa katika vichujio vya figo, C1q, mojawapo ya protini hizo za komplementi, huyadaka, wenzake C4 na C3 hukatwa na kutumika, figo huvimba, na kiasi cha komplementi katika damu hushuka. Yote hayo ni kweli. Ila ilithibitika pia kwamba wazaliwao bila C1q, badala ya kusalimika, karibu wote hupatwa na lupasi. Kwani protini hiyo ndiyo mfagiaji wa mabaki ya seli zilizokufa, na yasipoondolewa, kinga huyachukulia kuwa adui.

Kwa hiyo vijana walio chini yangu nawaomba, wanapoiona C4 iliyo chini, wasiharakie kuandika kuwa maradhi yamewaka, kwa kuwa wapo waliozaliwa na C4 haba. Bali waitazame pamoja na C3, na kingamwili za DNA, na protini katika mkojo, na majibu ya mgonjwa yule yule ya miezi iliyopita, ndipo wampelekee tabibu.