«Issa» ya Malta na «saa hii» yetu

Leo nawaletea neno moja kutoka mbali.

Mudogo wangu wa kike anaishi Malta, kile kisiwa cha bahari ya Mediterania. Kila nikimuuliza kama amepata karatasi zake, ananijibu: «Wameniambia issa.» Mwanzoni nilizani ni jina la mkubwa wa biro, kama vile kwetu kuna akina Baba Issa. Kumbe ni namna yao ya kusema «sasa».

Kimalta kimetoka kwenye Kiarabu, ijapokuwa kinaandikwa kwa herufi kama zetu na maneno ya Kiitaliano yamejaa humo. Kwa Kiarabu as-sa'a ni «saa», yaani saa hii tuliyo nayo. Watu wa Malta wakalifupisha, ikawa issa. Saa ya kuhesabu wao wanaiita siegħa. Neno hilohilo la Kiarabu ndilo lililotupa sisi «saa», na hapa Kivu tukitaka kusema «sasa» tunasema «saa hii». Tumepita njia moja bila kujuana.

Lakini kuna msemo wao, issa naraw. Neno kwa neno ni «sasa tunaona». Maana yake: tutaona. Mudogo wangu aliposikia hivyo alikaa kwenye benchi mpaka biro ikafungwa.

Nilimusimulia mama mmoja kambini, ambaye tangu zamani anaambiwa saa hii atarudi shambani kwake. Akacheka sana, kisha akaniuliza: «Na huko Malta, hiyo saa hii yao ni ndefu kama yetu?»