Kuuliza Watu Nyakabiga

Wako wanaodhani kwamba kuuliza watu ni kazi nyepesi: mtu huchukua daftari na kalamu, hupiga hodi, huuliza, huandika jibu, kisha huenda zake. Mwalimu wetu hakuwa na mawazo hayo. Alituweka darasani wiki mbili nzima kabla ya kuturuhusu kutoka. Kwa kuwa wanafunzi wa madarasa ya juu hutakiwa kufanya uchunguzi wao wenyewe, nimeonelea niwaandikie habari za kazi tuliyoifanya katika mtaa wa Nyakabiga, hapa Bujumbura, miaka michache baada ya machafuko ya mwaka 2015. Huenda ikawafaa wanaokuja nyuma yetu.

Tulikuwa vijana wanne. Tulitaka kujua watu wa Nyakabiga husema lugha gani, na huisema na nani. Mtaa huo wafaa sana kwa swali kama hilo. Umepakana na Bwiza, wala Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu zamani, hauko mbali. Karibu yake iko Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964, na wanafunzi wengi wamepanga vyumba humo mtaani. Kwa hiyo katika njia moja tu waweza kusikia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kabla hujafika mwisho wake.

Jambo la kwanza lilikuwa hesabu. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu 8,053,574 katika Burundi nzima, lakini hiyo ni kazi ya serikali, yenye watu na fedha. Vijana wanne hawawezi kuuliza kila mtu, yawapasa kuchagua. Mwalimu alituonyesha njia. Ikiwa mna nyumba 100, nanyi mwaweza kuingia 10 tu, msichague zenye mlango wazi wala za rafiki zenu. Hesabuni nyumba, mshike moja katika kila 10, na mwenyewe asipokuwapo, rudini jioni. Maana anayezunguka saa nne asubuhi atawakuta wachuuzi, wazee na watoto. Wafanyakazi na wanafunzi hatawaona. Akiandika ripoti, itakuwa ripoti ya Nyakabiga ya saa nne, si ya Nyakabiga.

Jambo la pili lilikuwa maswali yenyewe. Kabla ya kuyapiga chapa tuliyajaribu kwa watu wachache, kama mpishi aonjavyo mchuzi kabla wageni hawajaketi. Swali moja liliuliza hivi: "Je, wewe husema Kiswahili?" Mzee mmoja mwenye duka alitujibu, "Hapana, wanangu, sisi Warundi twasema Kirundi." Ajabu ni kwamba alitujibu kwa Kiswahili, tena kizuri! Hakuwa mwongo. Wajuao nchi hii wafahamu kwamba katika vinywa vya watu wengi kumwita mtu Mswahili ni kama kumwita mjanja asiyeaminika. Mzee alisikia tunamwuliza yeye ni mtu wa namna gani, naye alijilinda.

Basi swali hilo likaondolewa, yakawekwa mengine. Jana ulinunua mboga kwa lugha gani? Ukimkemea mtoto, wamkemea kwa lugha gani? Ukihesabu fedha, wahesabu kwa lugha gani? Ukisali je? Hapo majibu yalitoka bila shida. Mtu akiulizwa alilofanya, hulikumbuka. Akiulizwa yeye ni nani, hutazama kwanza uso wa mwulizaji. Tulijifunza pia kutotia jibu ndani ya swali. Ukimwambia mtu, "Je, huoni kwamba Kiswahili chatufaa?" atakubali kwa adabu tu, kama akubalivyo chai ya mwenyeji.

Kwa wazee hatukutumia karatasi ya maswali mafupi. Tuliketi, tukasikiliza. Mwalimu alitueleza habari za Jan Vansina, mwanahistoria Mbelgiji, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Burundi tangu mwaka 1957, na ambaye kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1961. Fundisho lake kubwa ni kwamba haitoshi kuandika lililosemwa. Lazima ujue msemaji alilipata kwa nani, na ana haja gani ya kulisema. Kwa hiyo kila mzee alipotusimulia habari za zamani, tuliuliza kwa upole, "Je, hayo uliyaona mwenyewe, au ulisimuliwa?"

Sasa nataja jambo lililo zito kuliko yote. Mwaka 2015 Nyakabiga ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia sana. Watu waliuawa, na wengine wakakimbia. Mahali palipopita mambo kama hayo, kijana mgeni mwenye orodha ya nyumba mkononi si kitu cha kuchekesha. Mama mmoja alisimama mlangoni, akasema, "Mwanangu, jina langu unalitakia nini?" Tulimpa karatasi aisome mwenyewe. Haikuwa na mahali pa jina, wala pa kabila, wala pa chama. Palikuwa na namba tu. Tukamwambia kwamba akichoka aweza kunyamaza, na akikataa tutaondoka kwa heshima. Alisoma mpaka chini, kisha akatuletea viti.

Siku chache baadaye mtu mmoja wa mtaani, ambaye hatukumfahamu, alitusimamisha njiani. Alitaka kuona karatasi zetu, ajue nyumba ipi imesema nini. Moyo ulinipiga. Lakini katika karatasi zile hapakuwa na kitu cha kumpa: namba bila majina, na orodha ya kulinganisha namba na nyumba hatukuiandika kamwe. Alizipekua, akaturudishia. Ndipo nilipofahamu kwa nini mwalimu alitukaza kwa wiki mbili juu ya mstari mmoja wa jina. Ahadi ya kutunza siri haitoshi, maana aahidiye aweza kutishwa. Siri iliyo salama ni ile ambayo hukuiandika.

Kazi ilipokwisha tulirudi Nyakabiga kuwaeleza wenyeji tuliyoyaona, kwa maana maneno yalikuwa yao. Wengine walicheka, wengine wakatusahihisha, nasi tukaandika masahihisho yao.

Ndugu zangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ulizeni sana, lakini kumbukeni kwamba ninyi mtapata alama na kwenda zenu, na yule aliyewajibu atabaki akiishi mtaani mwake na majibu yake.