Kikombe Kimoja cha Baba



Ndugu wasomaji, leo tunawaletea kisa kidogo cha jikoni kwetu hapa Buyenzi, Bujumbura. Huenda kikamfaa mwenye mzazi mzee nyumbani.

Tangu mama yetu arejee kwa Mola wake, Allah amrehemu, Baba aliendelea kuamka kabla ya Alfajiri na kuchemsha birika zima la kahawa, kama alivyozoea walipokuwa wawili. Anakunywa kikombe kimoja, inayobaki inamwagwa. Sote tunajua kuwa israfu imekatazwa, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia apunguze.

Kisha daktari akatuambia kolesteroli ya Baba imepanda. Akatueleza kuwa kahawa ya kuchemsha hubaki na mafuta yake, na ndani ya mafuta hayo mna kafestoli, inayoongeza kolesteroli mbaya. Ikichujwa kwa karatasi, sehemu kubwa ya mafuta hayo hubaki kwenye karatasi.

Tukaanza kutafuta. Mashine ya umeme tuliiacha, kwani umeme wetu hukatika, na nyingi ni za vikombe vingi. Tukachagua kichujio cha mkono chenye umbo la faneli, kinachokaa juu ya kikombe. Cha kauri kinapendeza, ila huvunjika na hutaka kupashwa moto kwanza. Tukachukua cha plastiki ngumu. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1908 Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, alichuja kahawa kwa karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe.

Namna yake ni hii. Weka karatasi, isuuze kwa maji ya moto, umwage maji hayo. Tia gramu 15 za kahawa, yetu ni ya Ngozi, iliyosagwa wastani, isiwe unga. Maji yakishachemka yaache nusu dakika. Lowesha kahawa kidogo, ngoja sekunde 30, kisha mimina taratibu hadi mililita 250. Kwa dakika 3 hivi iko tayari.

Siku ya kwanza Baba alionja akasema, "Wanangu, haya ni maji ya kuoshea birika." Tulinyamaza. Tukaongeza kahawa kidogo, tukamwachia apike mwenyewe.

Wiki ya pili akatuita. "Hii inanitosha," akasema. "Lile birika lilikuwa letu, mimi na mama yenu."

Hapo ndipo tulipofahamu. Tulikuwa tukihesabu kahawa inayomwagwa, kumbe Baba alikuwa akikaa peke yake kila Alfajiri. Sasa tunapokezana: mmoja wetu huamka, tunaswali pamoja, kisha anaketi naye na kikombe chake.

Ndugu zetu, mkimnunulia mzee kifaa, msimwachie kifaa peke yake. Kaeni naye.

Allah awarehemu wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.